Mawe ya Chakra: Kanuni ya Rangi na Uchaguzi wa Jiwe

Katika mazoezi ya chakra, jiwe huchaguliwa kwanza kwa rangi yake. Miongozo mingi ya fani hii hupanga vituo saba vya mwili, kuanzia mwisho wa uti wa mgongo hadi utosini, ikavipa rangi za upinde wa mvua kwa mfuatano, kisha kila rangi ikapewa mawe yake. Muladhara, chakra ya mzizi, ni nyekundu, na huwekewa yaspi nyekundu au ganeti. Kwa kuwa inahusishwa na ardhi, turmalini nyeusi na hematiti nazo hukubalika. Svadhisthana, chini ya kitovu, ni ya rangi ya chungwa, na jiwe lake ni akiki. Manipura, penye chembe cha moyo, ni ya manjano: sitrini na jicho la chui milia. Anahata, kifuani, ni ya kijani na wakati mwingine ya waridi, hivyo hupewa aventurini, malakiti au kwatzi ya waridi. Vishuddha ya kooni ni samawati, nayo ina feruzi, sodaliti na akwamarini. Ajna, katikati ya nyusi, ni ya nili, na lapis lazuli ndilo jiwe lake mashuhuri. Sahasrara ya utosini ni zambarau au nyeupe: amethisto, kwatzi angavu, seleniti.

Mpango huu unakumbukika kwa urahisi, na urahisi huo umeuvusha mipaka ya nchi na lugha. Wengi huupokea kama elimu ya kale ya Uhindi iliyorithiwa bila kuguswa. Sehemu zake ni za kale kweli, ila hazikuwahi kukaa pamoja kabla ya karne ya 20.

Chakra zenyewe zinatoka katika maandiko ya Tantra. Hesabu yake haikuwa moja: kuna maandiko yanayotaja tano, mengine sita, mengine tisa au zaidi, kwa sababu kila madhehebu yaliupanga mwili kufuatana na miungu na mantra ambazo mwanafunzi alitakiwa kuziweka ndani yake. Mfumo wa vituo sita, na cha saba juu yake, ulipata umaarufu kupitia risala ya Purnananda wa Bengali iliyoandikwa mwaka 1577. John Woodroffe, jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta, aliitafsiri kwa Kiingereza na kuitoa mwaka 1919 katika kitabu The Serpent Power, akitumia jina la Arthur Avalon. Risala hiyo inataja rangi, lakini hazifuati upinde wa mvua. Petali za ua linalowakilisha manipura zina weusi wa mawingu mazito ya mvua. Za anahata ni nyekundu. Za vishuddha ni zambarau iliyofifia kama moshi. Za ajna ni nyeupe kama mwezi. Anayelifuata andiko hilo kwa uaminifu angeweka jiwe jekundu kifuani na jeupe kwenye paji la uso. Wala hatakuta humo agizo la kuweka jiwe lolote popote. Vinavyowekwa kwenye chakra ni sauti, sura ya mungu na fikra.

Haina maana kwamba Uhindi haukuwa na elimu ya vito. Ulikuwa nayo, tena pana, na Garuda Purana lina sura nzima za kupima vito na kueleza faida na madhara yake. Lakini elimu hiyo iliviunganisha vito na sayari. Navaratna, yaani vito tisa, huanza na yakuti nyekundu ya jua na lulu ya mwezi, kisha marijani ya Mirihi, zumaridi ya Utaridi, yakuti ya manjano ya Mshtarii, almasi ya Zuhura na yakuti samawi ya Zohali. Ganeti ya rangi ya asali na jicho la paka hukamilisha hesabu kwa ajili ya Rahu na Ketu, sehemu mbili ambapo njia ya mwezi hukutana na ile ya jua. Anayechaguliwa kito kwa utaratibu huu huulizwa saa na mahali alipozaliwa, haulizwi anahisi nini tumboni. Mchaguzi ni mnajimu, na mtengenezaji ni sonara.

Ulimwengu wa Kiislamu nao ulikuwa na mkondo wake, ambao watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaufahamu zaidi: pete ya akiki ya Yemen na ya feruzi ya Nishapur. Mkondo huo ulizaa pia mmoja wa wachunguzi wakali kuliko wote wa madai ya mawe. Al-Biruni, katika kitabu chake cha vito cha karne ya 11, aliichukua habari iliyokuwa ikirudiwa na waandishi wengi, kwamba nyoka akiiona zumaridi hupofuka, akaijaribu kwa nyoka hai mara kwa mara. Nyoka hakupofuka. Vitabu vingi vya mawe vya leo havina ukurasa wa aina hiyo.

Upinde wa mvua wenye rangi saba, kwa upande wake, ni wa Isaac Newton. Katika Opticks ya mwaka 1704 aliugawa mwanga mara saba, akivutwa na ulinganifu na ngazi ya sauti za muziki. Nili iliingizwa ili hesabu itimie. Wateosofi, wafuasi wa harakati ya kiroho, ndio waliozileta chakra Ulaya na Marekani kama vituo vya nguvu ambavyo rangi zake huonekana kwa jicho la ndani. Charles Leadbeater aliandika hivyo katika The Chakras ya mwaka 1927, na hata yeye hakufuata upinde: chakra yake ya moyo ilikuwa ya dhahabu. Mfuatano wa nyekundu hadi zambarau ulikuja kukita mizizi California katika miaka ya 1970, kupitia maandishi kama Nuclear Evolution ya Christopher Hills. Mawe yaliingia kwa kishindo katika muongo uliofuata, pamoja na vitabu kama Crystal Enlightenment cha Katrina Raphaell cha mwaka 1985.

Upya wa desturi si kosa. Desturi zote zilianza siku fulani. Ila upya huu una matokeo kwa mchaguzi: mwongozo mmoja ukisema koo linataka feruzi na mwingine ukisisitiza lapis lazuli, hakuna andiko la zamani la kuiamua. Yote miwili inafuata rangi, na rangi peke yake.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa mpango ulipo, kwa kuwa katika sayansi ya madini rangi ndiyo sifa isiyotegemewa kuliko zote. Mwanafunzi wa jiolojia hufundishwa mapema kulitambua jiwe kwa ugumu wake, uzito wake, namna linavyopasuka na rangi ya unga wake likisuguliwa, na kuiweka mwisho rangi inayoonekana kwa jicho. Kwatzi safi ni silikoni na oksijeni tu, haina rangi. Ikiingiwa na chembe chache za chuma na kupigwa na mionzi ya asili ardhini kwa muda mrefu, huwa amethisto. Amethisto hiyo hiyo ikitiwa katika tanuri kwa nyuzi 450 hivi za Selsiasi, aina nyingi hugeuka manjano au rangi ya chungwa, na kuanzia hapo huuzwa kwa jina la sitrini. Sehemu kubwa ya sitrini iliyopo sokoni, hasa inayotoka Brazil, imepatikana kwa njia hiyo. Kwa lugha ya chakra, jiwe limeshuka kutoka utosini hadi chembe cha moyo kwa kazi ya saa chache, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu.

Moto huu si hila ya kisasa. Mafundi wa Khambhat huko Gujarat wamekuwa wakioka akiki tangu zamani ili wekundu ukolee, na shanga zao zilivuka bahari pamoja na vitambaa. Wanaakiolojia wamezichimbua Kilwa na katika miji mingine ya kale ya Waswahili. Ile akiki inayosifiwa leo kwa moto wake wa asili huenda moto huo iliupata jikoni kwa fundi.

Kaskazini mwa Tanzania kuna mfano unaolimaliza suala hili. Longido hutoa jiwe la kijani lenye mabaka ya yakuti nyekundu, linalopendwa sana na wauzaji wa mawe ya chakra, ambao hulipeleka kwenye moyo kwa sababu ya ukijani na kwenye mzizi kwa sababu ya wekundu. Kijani chake ni madini yanayoitwa zoisaiti. Mererani, safari ya saa chache kutoka hapo, hutoa tanzanaiti, ambayo hupelekwa kwenye ajna au utosini. Tanzanaiti nayo ni zoisaiti. Madini ni yale yale. Yamepishana kwa vijichembe, kromu kule na vanadi huku. Zaidi ya hayo, tanzanaiti nyingi hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, na ubuluu wake hufunuliwa na joto la takriban nyuzi 500 au 600. Ilianza kujulikana mwaka 1967, kampuni ya Tiffany ikaipa jina hilo na kuitangaza mwaka uliofuata, na waandishi wa chakra wakaipokea kama jiwe la maono ya juu. Lau wangeiona kabla ya tanuri, kwa kanuni yao wenyewe ingekwenda kukaa na mawe ya ardhi.

Orodha ya namna hii ni ndefu. Ganeti nyekundu ni ya mzizi, lakini tsavoraiti ya Taita-Taveta, ambayo ni ganeti ya kijani, ni ya moyo. Berili ni zumaridi moyoni na akwamarini kooni. Na baadhi ya mawe yanayoitwa fuwele si fuwele kabisa: obsidia, inayookotwa kwa wingi karibu na Naivasha, ni kioo cha volkano kisicho na mpangilio wa atomu, lapis lazuli ni mwamba wenye madini kadhaa, kaharabu ni utomvu wa miti uliogeuka jiwe.

Wanaotaka msingi thabiti zaidi ya rangi huegemea mtetemo. Hoja yao ni kwamba kila fuwele ina mtetemo wake, na ushahidi unaotolewa ni saa ya mkononi. Ukweli wa kisayansi uliomo ni huu: mwaka 1880 ndugu Pierre na Jacques Curie walionyesha kwamba kwatzi ikibanwa hutoa umeme kidogo, na baadaye ikathibitika kwamba ikipitishiwa umeme hujikunja. Kwatzi ya saa imekatwa kwa umbo na kipimo maalumu ili itetemeke mara 32,768 kwa sekunde. Lakini inatetemeka kwa sababu ya betri. Betri ikiisha, fuwele hutulia, na kipande kilicholala juu ya kifua cha mtu hakina betri wala kipimo hicho. Isitoshe, ni baadhi tu ya fuwele zenye tabia hiyo. Ganeti na fluoriti hazina, na hakuna mwongozo wa chakra unaoziondoa kwa sababu hiyo.

Jaribio linalotajwa zaidi kuhusu athari za fuwele kwa watu lilifanywa na mwanasaikolojia Christopher French wa Goldsmiths, London, na kutangazwa mwaka 2001. Watu 80 walitafakari wakiwa wameshika fuwele mkononi, wengine za kweli na wengine za bandia, bila kujua tofauti. Waliohisi joto, mchomo mwepesi au utulivu walikuwa wengi, na walihisi hivyo sawasawa kwa jiwe la kweli na la bandia. Kilicholeta tofauti kilikuwa kuambiwa mapema nini cha kutarajia. Kwa hiyo hisia zipo, wala wanaozisimulia hawadanganyi. Isipokuwa hazitoki katika kemia ya jiwe. Hakuna ushahidi kwamba jiwe hutibu ugonjwa, na maumivu ya kifua yanahitaji hospitali kabla ya anahata.

Kinachobaki kwa jiwe si kidogo. Taamuli huhitaji kitu cha kuishikilia fikra isitangetange, na jiwe hufanya kazi hiyo kama tasbihi inavyoshika hesabu ya uradi bila mtu kudai kwamba punje ndizo zinazomtaja Mungu. Likitazamwa hivyo, mpango wa rangi unaruhusiwa kuendelea kama msaada wa kumbukumbu, na maswali ya uchaguzi hurudi kwenye mambo yanayoonekana na kupimika.

La kwanza ni jinsi jiwe litakavyotumika. La kuwekwa juu ya mwili wa aliyelala linafaa kuwa bapa na lililosuguliwa. La mviringo hubingirika kwa kila pumzi, na lenye ncha huchoma. La paji la uso liwe dogo na jepesi. La kushikwa lijae kiganja. Uzito wenyewe ni kigezo kizuri kuliko rangi, maana mwili huuhisi hata macho yakiwa yamefumbwa: hematiti ina uzito karibu maradufu ya kwatzi yenye ukubwa ule ule, na wanaoichagua kwa mzizi ili kujihisi wametulia chini wana sababu inayoeleweka. Ubaridi pia huhisika. Kwatzi hupitisha joto haraka kuliko kioo, ndiyo maana hubaki baridi mkononi kwa muda zaidi, na wanunuzi wazoefu hutumia tofauti hiyo kuitenga na bandia kabla ya kutumia chombo chochote.

Ugumu ndio unaoamua kama jiwe litadumu. Kwa kipimo cha Mohs, chenye ngazi 10, kwatzi na jamii yake yote, ikiwamo amethisto na akiki, ziko ngazi ya 7, na zinastahimili kubebwa mfukoni. Lapis lazuli na feruzi ziko kati ya 5 na 6, fluoriti 4, malakiti chini yake kidogo. Seleniti iko 2 na hukwaruzwa kwa ukucha. Jina lake la kishairi huficha kwamba ni jasi, ile ile inayochimbwa Makanya kwa ajili ya saruji, ila imekua kwa utulivu ikawa angavu.

Usalama ungestahili kutangulia, na wauzaji wengi hawautaji. Malakiti ni kaboneti ya shaba. Ikiwa imesuguliwa na kushikwa kwa mkono kavu haina neno, lakini vumbi lake ni sumu, na haifai kulowekwa kwenye maji ya kunywa wala kwenye kitu chenye asidi kama maji ya ndimu. Galena ina risasi, sinabari ina zebaki, na zote mbili huuzwa kwa wakusanyaji wa mawe. Mtindo wa kuweka jiwe ndani ya chupa ya maji ili "kunywa nguvu zake" ni bora uachwe kabisa, kwani wanaojua kwa hakika kila kilichomo ndani ya jiwe walilonunua ni wachache.

Bandia nazo zina desturi zake. Feruzi ya bei ya kutupa kwa kawaida ni haulaiti, jiwe jeupe lililotiwa rangi. Opalaiti yenye mng'ao wa maziwa ni kioo cha kiwandani. Vipande vya akiki vya buluu kali au waridi iliyokolea vimechovywa rangi, kazi iliyoshamiri Idar-Oberstein, Ujerumani, tangu karne ya 19. Pamba iliyoloweshwa asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huumbua rangi nyingi za kupakwa, na kikuza macho huonyesha viputo vya hewa ndani ya kioo. Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa: kama kazi ya jiwe ni kuishika fikra, kioo kinaifanya vilevile, kama jaribio la London lilivyoonyesha. Lakini aliyelipia feruzi ana haki ya kupata feruzi.

Swali la asili ya jiwe ni gumu zaidi. Kwatzi ya waridi iliyopo sokoni hutoka sana Madagascar, lapis lazuli bora hutoka Badakhshan nchini Afghanistan, ambako imechimbwa kwa maelfu ya miaka, na malakiti hutoka Katanga, ambako wahunzi waliiyeyusha wakapata shaba ya kutengenezea misalaba iliyotumika kama fedha, karne nyingi kabla haijawa jiwe la moyo. Kati ya shimo na duka kuna madalali, wakataji na wasafirishaji, na kufika mwisho jiwe halina tena jina la kijiji lilikotoka. Tanzanaiti ni tofauti kwa kuwa inachimbwa kwa biashara mahali pamoja tu duniani, na tangu 2018 eneo hilo limezungushiwa ukuta wa kilomita 24. Hata hivyo ukuta hauzuii vumbi. Vumbi la silika linalotokana na kupasua na kukata mawe husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na wachimbaji wadogo pamoja na wasuguaji wasio na barakoa ndio wanaolivuta. Mawe yanayouzwa kwa ajili ya kupumua vizuri yamewakata wengine pumzi, na mnunuzi anayemuuliza muuzaji jiwe limetoka wapi na nani amelikata anauliza swali la maana kuliko la chakra.

Mwisho ni utunzaji, ambao katika fani hii huitwa kusafisha nguvu. Baadhi ya njia zinazopendekezwa huharibu jiwe lenyewe. Maji huila seleniti polepole na kuitia kutu piriti. Chumvi hukwaruza na kuingia katika nyufa za mawe laini. Jua kali hufifisha amethisto na fluoriti, na pia kwatzi ya waridi ya baadhi ya machimbo. Mwanga wa mwezi, moshi wa ubani na sauti ya kengele havina madhara. Feruzi inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ina vinyweleo vinavyofyonza jasho, mafuta ya ngozi na manukato, na ikivaliwa kwa miaka ubuluu wake huelekea kijani, yaani, kwa hesabu ya upinde wa mvua, huhama taratibu kutoka kooni kwenda moyoni.